Mfundishe Mdogo Wako Kuujua Mwili Wake

Katika madarasa yaliyotangulia ulijifunza majina ya sehemu za mwili. Sasa unaweza kuzitaja bila kufikiri: kichwa, shingo, bega, mkono, kifua, tumbo, mguu. Lakini nyumbani kwenu, au kwa jirani, huenda yuko mtoto mdogo ambaye bado hayajui majina hayo. Ana macho mawili, lakini hajui yanaitwaje. Sikio lake likiuma, hawezi kusema "sikio". Awezalo ni kulia tu.

Fikiri juu ya mtoto wa miaka miwili anayelia usiku. Mama anadhani tumbo ndilo linalouma. Anamsugua tumbo, anampa maji, anambeba mgongoni, lakini mtoto hanyamazi. Kunapokucha wanakwenda zahanati. Daktari naye anauliza, "Panauma wapi?" Mtoto anazidi kulia. Mtoto mwingine wa umri huohuo, aliyekwisha kufundishwa, hugusa sikio lake na kusema, "Sikio." Amesema neno moja tu, lakini neno hilo limemwonyesha mama mahali pa kutazama.

Sura hii itakufundisha namna ya kumpa mdogo wako maneno hayo. Huhitaji kitabu, ubao wala chaki. Utatumia kazi zinazofanywa nyumbani kila siku, yaani kunawa, kula, kuvaa, kuoga na kulala. Utaona pia kwamba kazi mojawapo, kunawa uso, ina maana kubwa zaidi kwetu sisi tunaoishi Dodoma na katika uwanda wa kati wa Tanzania, kwa sababu inalinda macho.

1. Kwa nini mwalimu awe wewe

Katika nyumba nyingi watoto wakubwa huwalea wadogo. Mama anapokwenda shambani au kuteka maji, wewe ndiwe unayebaki na mtoto. Wewe ndiwe unayemnawisha, unayemlisha uji na unayembeba. Kwa hiyo maneno mengi ambayo mtoto huyasikia mchana kutwa hutoka kinywani mwako.

Jambo hili limetambuliwa duniani. Mwaka 1979 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa. Katika kuuadhimisha mwaka huo, wataalamu wa elimu na wa afya wa Chuo Kikuu cha London, Uingereza, walianzisha mpango uitwao Mtoto kwa Mtoto. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kujifunza jambo la afya darasani, kisha akalipeleka nyumbani kwa wadogo zake.

2. Jinsi mtoto mdogo anavyojifunza neno

Watu wengine hudhani kwamba mtoto asiyesema haelewi. Sivyo. Mtoto huelewa maneno kabla ya kuweza kuyatamka.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Elika Bergelson na Daniel Swingley, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wachanga wenye umri wa miezi 6 hadi 9. Mtoto alionyeshwa picha, kisha mzazi wake akataja jina la chakula au la sehemu ya mwili iliyoonekana katika picha. Watafiti walipima mahali macho ya mtoto yalipoelekea. Waliona kwamba watoto walielekea kutazama kile kilichotajwa. Watoto hao walikuwa bado hawajaanza kusema, lakini baadhi ya maneno walikuwa wamekwisha kuyaelewa.

Kutokana na hayo, twaweza kugawa kujifunza kwa mtoto katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kusikia. Unagusa pua ya mtoto na kusema, "Pua." Mtoto anasikiliza na kutazama. Usimdai jibu.

Hatua ya pili ni kuonyesha. Unamwuliza, "Pua iko wapi?" Mtoto anaigusa pua yake. Bado hajasema neno, lakini amejibu.

Hatua ya tatu ni kutaja. Unagusa pua na kuuliza, "Hii ni nini?" Mtoto anajibu, "Pua." Huenda akatamka vibaya, akasema "pia" au "bua". Usimcheke. Rudia wewe neno sahihi, "Ndiyo, pua," kisha endelea na kazi yako.

Watoto hawapiti hatua hizi kwa mwendo mmoja. Mmoja atafika hatua ya tatu mapema, mwingine atakawia. Hapana haja ya kuwashindanisha.

Zishike kanuni hizi nne unapomfundisha:

(a) Taja jina wakati uleule unapogusa. Neno "goti" litaeleweka upesi likitajwa unapolisafisha goti lenye vumbi kuliko likitajwa mtoto anapotazama mbuzi wakipita.

(b) Fundisha majina machache kwa mara moja. Mawili au matatu yatosha. Yakikaa, ongeza mengine.

(c) Rudia kila siku, katika kazi ileile na kwa maneno yaleyale. Haba na haba hujaza kibaba.

(d) Acha mara mtoto anapochoka. Mtoto mwenye njaa, usingizi au homa hajifunzi.

3. Somo la asubuhi: kunawa uso

Uso ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa una sehemu nyingi zilizo karibu karibu. Tena mtoto huziona sehemu hizohizo usoni pako unapomwinamia.

Kwanza nawa mikono yako mwenyewe kwa maji na sabuni. Kisha mkalishe mtoto mbele yako. Mwage maji kidogo kiganjani, au tumia kibuyu chirizi kama mnacho. Sasa fuata mpango huu.

Anza na macho. Futa kwa upole jicho moja na useme, "Hili ni jicho." Geukia la pili: "Na hili ni jicho." Kisha gusa karibu na yote mawili: "Macho mawili." Angalia kona ya jicho iliyo karibu na pua. Hapo ndipo tongo hukusanyika usiku. Hakikisha limetoka lote.

Nenda kwenye pua. Sema, "Hii ni pua. Penga." Mtoto mdogo hajui kupenga, nawe itakubidi umsaidie. Osha kamasi yote, hata ile iliyokauka juu ya mdomo.

Osha mashavu. "Shavu hili. Shavu hili. Mashavu." Kisha mdomo, kidevu na paji la uso. Malizia na masikio, ukisafisha nyuma yake ambako vumbi hukaa.

Sasa mtazame. Uso safi una dalili tatu zilizo rahisi kukagua: hauna tongo machoni, hauna kamasi puani, na hauna nzi. Ukiona moja ya vitu hivyo, rudia kunawisha.

Umeona kwamba Kiswahili hubadilisha maneno haya yanapokuwa mengi. Jicho huwa macho, jino huwa meno, sikio huwa masikio, shavu huwa mashavu. Lakini pua haibadiliki. Mtoto hafundishwi kanuni hizi. Huzipata kwa kusikia moja na nyingi zikitajwa pamoja mara kwa mara.

4. Uso na ugonjwa wa vikope

Sasa tujiulize: kwa nini tumeanza na macho, na kwa nini tumesisitiza tongo na nzi?

Uwanda wa kati ni nchi kavu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida mvua hunyesha kati ya mwezi wa Desemba na Aprili, nayo huwa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Mito mingi ni ya msimu. Inapokauka, watu huchimba mchanga wake ili wapate maji. Mahali ambapo kisima kiko mbali, ndoo ya maji ni kitu cha thamani. Hutumika kwanza kwa kunywa na kupika, na mara nyingi uso wa mtoto husahauliwa.

Katika nchi ya namna hii huenea ugonjwa uitwao trakoma, ambao watu wengi huuita vikope. Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Hupita kutoka jicho la mgonjwa hadi jicho la mtu mzima kwa njia tatu:

(a) Vidole. Mtoto hujifikicha jicho, kisha humshika mwenzake usoni.

(b) Nguo. Kanga moja au kitambaa kimoja hutumiwa kufuta nyuso za watoto wote.

(c) Nzi. Nzi hutua kwenye tongo na kamasi ili wapate unyevu na chakula. Kisha huruka na kutua usoni pa mtoto mwingine, wakiwa wamechukua bakteria miguuni.

Mtoto aliyeambukizwa huwa na macho mekundu yenye kuwasha na kutoa tongo. Huenda akapona. Lakini akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, upande wa ndani wa kifuniko cha jicho hupata makovu. Makovu hayo hukikunja kifuniko kuelekea ndani. Kope, ambazo kazi yake ni kulikinga jicho na vumbi, sasa huligeukia jicho lenyewe. Kila mtu anapopepesa, kope hukwaruza konea, yaani utando mwangavu ulio mbele ya jicho. Mwishoni konea hupata weupe, na mtu hupofuka.

Zingatia jambo hili: maambukizo hutokea hasa utotoni, lakini upofu huja ukubwani. Bibi asiyeona leo huenda alianza kuugua alipokuwa na umri wa mdogo wako. Tena wanawake hupofushwa na ugonjwa huu kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa karibu na watoto wadogo na kuambukizwa nao mara nyingi.

Wilaya ya Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, inajulikana duniani kwa uchunguzi uliofanywa huko juu ya ugonjwa huu. Katika uchunguzi mmoja, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, vilichaguliwa vijiji sita. Watoto wa vijiji vyote sita walipewa dawa ya kupaka machoni. Lakini katika vijiji vitatu tu wanakijiji walihimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso zao. Baada ya mwaka mmoja watafiti waliwapima watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 7. Katika vijiji vilivyohimizwa kunawa, watoto wengi zaidi walikuwa na nyuso safi. Trakoma iliyo kali ilikuwa chache zaidi huko, na watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi.

Angalia maneno "zilidumu kuwa safi". Kunawa mara moja kwa ajili ya wageni hakutoshi. Kinga hupatikana pale ambapo kunawa kumekuwa desturi ya kila siku. Hapo ndipo somo letu la majina linapofaa. Mtoto anayenawishwa huku akitajiwa "jicho, pua, shavu" huuzoea mchezo huo, na kesho huja mwenyewe kuudai.

Shirika la Afya Duniani hutaja njia nne za kuipiga vita trakoma: kuwafanyia upasuaji wale ambao kope zao zimegeuka, kutoa dawa za kuua bakteria, kuweka nyuso safi, na kutengeneza mazingira kwa kupata maji na kutumia vyoo. Tangu siku za uchunguzi ule wa Kongwa ugonjwa umepungua sana nchini Tanzania, lakini haujakwisha katika wilaya zote. Mbili kati ya njia hizo ni kazi ya madaktari. Kuweka uso safi ni kazi ambayo wewe waiweza leo.

5. Jaribio: Uso mmoja wahitaji maji kiasi gani?

Watu wengi husema, "Maji hayatoshi kunawa." Tupime tuone kama ni kweli.

Vifaa: chupa yenye maji safi lita 1, kikombe kidogo au kifuniko cha chupa, chombo chenye vipimo vya mililita, na karai la kukingia maji.

Utaratibu:

(i) Jigaweni katika makundi ya watu watano.

(ii) Kila mmoja akadirie kiasi cha maji ambacho uso mmoja wahitaji. Andikeni makadirio yenu.

(iii) Nawisheni uso wa mtu wa kwanza kwa kumimina maji kidogo kidogo viganjani mwake, si kwa kuchovya mikono katika chombo. Acheni mara uso unapokuwa safi.

(iv) Pimeni maji yaliyobaki katika chupa. Toeni kwenye lita 1 ili mpate kiasi kilichotumika.

(v) Rudieni kwa kila mtu katika kundi, kisha tafuteni wastani.

Majadiliano: Linganisheni wastani wenu na makadirio ya mwanzo. Tuseme kundi moja limetumia mililita 100 kwa uso mmoja. Basi lita 1 yatosha nyuso 10, na ndoo ya lita 20 yatosha nyuso 200. Nyumba yenye watoto watano itatumia nusu lita tu kila asubuhi. Je, nyumba yenu haiwezi kupata nusu lita?

Kwa uso, maji matupu yatosha kuondoa tongo na kamasi. Sabuni ikikosekana, usiache kumnawisha mtoto. Maji mliyokinga katika karai msiyatumie tena usoni. Yapelekeni kwenye mche wa mti au kwenye bustani ya mboga.

6. Masomo ya mchana na ya jioni

Uso ukishajulikana, endelea na sehemu nyingine. Kila kazi ya nyumbani ina sehemu zake za mwili.

Kula. Kabla ya kula, nawisha mikono ya mtoto na utaje: mkono, kiganja, vidole, kucha. Anapokula ugali wa uwele kwa mlenda, mwonyeshe kidole gumba kinavyofanya kazi pamoja na vingine kulifinyanga tonge. Vidole vina majina: kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, kidole cha pete na kidole cha mwisho. Mtoto wa miaka miwili hahitaji majina hayo matano. Neno "vidole" lamtosha. Anapofungua kinywa, taja meno na ulimi.

Kuvaa. Nguo hufunika mwili kwa utaratibu, na utaratibu huo hufundisha. "Ingiza kichwa. Mkono huu. Mkono huu. Vuta mpaka tumboni." Kwa kaptula au suruali sema, "Inua mguu huu. Sasa inua na huu." Kwa kandambili taja unyayo na kisigino. Mtoto anayetii maneno haya amekwisha kufika hatua ya pili, hata kama hasemi.

Kubeba. Unapomweka mtoto mgongoni na kumfunga kwa kanga, sema, "Panda mgongoni. Shika bega." Maneno haya huingia upesi kwa sababu mtoto anayatamani.

Kuoga. Jioni mtoto hurudi na vumbi la mchana kutwa. Anza juu ushuke chini: shingo, mabega, kwapa, kifua, tumbo, kitovu, mgongo, kiuno, mapaja, magoti, nyayo. Mtoto akikwisha kuzoea utaratibu huu, nyamaza kidogo kabla ya kutaja sehemu inayofuata. Utashangaa kumsikia akiitaja yeye.

Sehemu za siri nazo ni sehemu za mwili na zina majina ya heshima, uume na uke. Namna ya kumfundisha mtoto majina haya ni shauri la mama, baba au bibi, nawe fuata watakavyokuagiza. Lakini mtoto hana budi kuwa na neno la kusemea, ili aweze kueleza panapouma au panapowasha. Aelewe pia kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumchezea sehemu hizo. Mtu akijaribu, na amweleze mama au mtu mzima anayemwamini. Shauri hili ni lako wewe pia.

Kulala. Mtoto akiwa kitandani au mkekani, mpe maswali machache ya mchezo: "Sikio liko wapi? Goti liko wapi? Macho yako wapi? Basi, fumba macho."

7. Sema mahali hasa

Neno la Kiswahili "mkono" huchukua sehemu ndefu, tangu begani mpaka ncha za vidole. "Mguu" nao huanzia kwenye nyonga na kwisha vidoleni. Kwa mtoto mdogo sana maneno haya yatosha. Lakini mtoto anapokua, msaidie kupasua neno kubwa katika maneno madogo.

Mkono una bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kiganja na vidole. Mguu una paja, goti, muundi, kifundo cha mguu, kisigino, unyayo na vidole. Upande wa nyuma wa muundi ni shavu la mguu.

Faida yake ni nini? Mtoto asemaye "mguu unauma" amekuambia habari nusu. Asemaye "kisigino kinauma" amekuongoza hadi mahali mwiba ulipo. Vivyo hivyo, asemaye "jicho linauma" apate kuulizwa: ndani ya jicho, au kwenye kope? Huduma ya afya huanzia kwenye swali la "wapi". Mgonjwa anayeweza kulijibu hurahisisha kazi ya daktari.

8. Majina katika lugha ya nyumbani

Katika uwanda wa kati husemwa lugha nyingi. Katika Mkoa wa Dodoma wako wasemao Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kiburunge. Upande wa Singida wako wasemao Kinyaturu na Kinyiramba. Huenda mdogo wako husikia lugha mojawapo kutoka kwa bibi na Kiswahili kutoka kwako. Hilo halimdhuru. Mtoto anaweza kujifunza majina mawili ya pua bila kuchanganyikiwa, kama anavyoweza kujua majina mawili ya mtu mmoja.

Mwulize bibi au babu jina la kila sehemu katika lugha ya nyumbani. Chora jedwali lenye safu mbili, moja ya Kiswahili na nyingine ya lugha yenu. Linganisha jedwali lako na la mwenzako anayesema lugha nyingine. Utaona kwamba baadhi ya majina yanafanana, na mengine hayafanani hata kidogo.

Mambo ya kukumbuka

Mtoto huelewa majina kabla ya kuyatamka. Taja jina wakati uleule unapogusa sehemu, na urudie kila siku.

Uso safi hauna tongo, kamasi wala nzi. Kila mtoto atumie kitambaa chake.

Trakoma huanza utotoni na kupofusha ukubwani. Maji machache yanayotumiwa kila siku husaidia kuizuia.

Mtoto anayeweza kutaja panapouma husaidiwa upesi. Ukiona mtoto mwenye macho mekundu yanayotoa tongo, mweleze mama ampeleke zahanati. Usimtie jichoni dawa ya kubahatisha.

Mazoezi

1. Taja hatua tatu za kujifunza jina la sehemu ya mwili. Mdogo wako yuko katika hatua gani kwa neno "sikio"? Umejuaje?

2. Eleza jinsi kope, ambazo hulinda jicho, zinavyoweza kuliharibu.

3. Kwa nini si vizuri kufuta nyuso za watoto watatu kwa kanga moja?

4. Katika uchunguzi wa Kongwa, watoto wa vijiji vyote sita walipewa dawa, lakini vijiji vitatu tu vilihimizwa kunawa. Kwa nini watafiti hawakuvihimiza vyote?

5. Nyumba moja ina watoto sita. Kila uso hutumia mililita 100 za maji asubuhi na mililita 100 jioni. Je, kwa wiki moja watatumia lita ngapi?

6. Kazi ya nyumbani. Mnawishe mtoto mdogo uso kila asubuhi kwa siku saba huku ukimtajia majina matatu uliyoyachagua. Kila siku andika kama alisikia tu, alionyesha au alitaja. Andika pia kama uso wake ulikuwa safi kabla hujamnawisha. Siku ya nane leta daftari lako darasani mlijadili pamoja na mwalimu.